Mahali pa Kuitikia

Mabibo, Dar es Salaam
4 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, ila mafua ya vumbi la Mabibo hayaniachi. Baba mpe shikamoo yake, na umwambie kikohozi chake asikitibu kwa tangawizi peke yake eti kwa sababu ameilima mwenyewe.

Mama, kanda yetu imetoka! Usicheke. Najua ulisema wimbo haujengi nyumba. Lakini jana nimeishika mkononi, imefungwa kwenye nailoni, na juu yake tumeandikwa kwa wino wa njano: SHENGENA SISTERS. Shengena ni mlima wetu, lakini Kiingereza ni cha Hamdani, mwenye mitambo ya kurekodia. Anasema siku hizi hata sabuni ya mche haiuziki bila jina la Kiingereza. Kanda yenyewe inaitwa Nisubiri Kituoni. Wasichana ni sisi watatu tu: mimi, Asteria yule wa Same mjini, na Bahati, ambaye wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata mkonge huko tambarare wakabaki. Asteria anaimba chini, sauti nzito mpaka unatafuta mwanamume aliyejificha. Bahati yuko juu kabisa. Mimi niko katikati, ndimi ninayebeba maneno. Ngoma zinapigwa na kinanda, lakini gitaa ni la mzee mmoja aliyekuwa bendi ya kiwanda kabla kiwanda hakijauzwa. Ukilisikia gitaa hilo utasamehe kinanda.

Sasa nikwambie jambo, usikasirike. Wimbo wa kwanza, wenye jina la kanda, sauti yake unaijua. Ni ile ya nyumbani kwa Bibi Eliakunda, ile wiki ya mvua uliyotupeleka kwake kufundwa, mimi na Leticia, ukamwambia Baba tumeshuka Ndungu kumsaidia shangazi mpunga. Naapa sijatoa hata neno moja. Tuliapa maneno yale hayatafika masikioni mwa wanaume, na hayajafika. Nimechukua sauti na makofi tu. Maneno ni yangu, ya msichana aliyechelewa basi anamwomba mpenzi wake amsubiri kituoni. Hata pale wanawake wanapoitikia, mimi nimenyamaza.

Nimempa kondakta kanda mbili. Moja yenu, moja ya Bibi Eliakunda. Mpelekee mwenyewe, halafu uniandikie amesemaje. Neno lake moja kwangu litapita makofi yote ya Dar.

Mwanao akupendaye,
Evaline


Mamba
24 Machi 1996

Mwanangu Evaline,

Marahaba. Nakusalimu katika jina la Bwana. Baba yako bado anakohoa na bado anakunywa tangawizi. Kahawa mwaka huu hata kuichuma ni hasara. Ameng'oa mistari ya juu akapanda tangawizi hadi karibu na jiko. Wanunuzi wanakuja na malori yao, kila mmoja na bei yake, na jirani anakuficha bei aliyopewa. Zamani tulilia pamoja na chama cha ushirika, sasa kila mtu analia kwake.

Kanda zimefika salama. Redio yetu haina betri. Picha yenu juu ya kanda nimeiona. Suruali nimeiona. Sina la kusema juu ya suruali.

Nilitaka kuuliza jambo dogo. Kanda ikishatengenezwa, kuna namna ya kuutoa wimbo mmoja? Kwaya yetu ilipokosea wimbo wa Pasaka, walirekodi mwingine juu yake. Nauliza ule wa kwanza. Usitafute sababu, ni swali la mama tu.

Bibi Eliakunda yupo. Macho yanamsumbua. Kanda yake nimeiweka kabatini chini ya vitenge. Nitampelekea barabara ikikauka.

Soma Neno kila siku, na usikae na watu wasiojulikana kwao.

Mama yako,
Raheli M.


Mabibo, Dar es Salaam
20 Aprili 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Sikujua nikujibu nini, ndiyo maana nimechelewa.

Mama, ni suruali. Najua ni suruali, ungesema tu. Wewe ni mwenyekiti wa wanawake wa usharika, na binti yako amepigwa picha amevaa jinzi ya mtumba, kiuno kinaonekana. Naona jinsi wanavyokutazama ukisimama kusoma matangazo. Ningeweza kukwambia kwamba jinzi ile ni ya Asteria na nilimrudishia siku hiyohiyo, lakini picha hairudishwi. Umeona aibu kwa ajili yangu, nami ninaona aibu kwamba nimekupa aibu, basi tumekaa na aibu kila mmoja upande wake wa nchi.

Lakini ule wimbo hautoki, Mama. Ndio unaoiuza kanda. Nikueleze ulivyopatikana. Siku ya kurekodi tuliimba vizuri hadi kwenye kiitikio. Makofi yakalia, na pale ambapo kwa Bibi wanawake wote huitikia, nikakumbuka kiapo. Nikanyamaza. Asteria na Bahati wakanitazama wakanyamaza nao. Gitaa likaendelea peke yake kidogo, makofi, ndipo tukarudi. Nikamwomba Hamdani radhi, nikasema turudie. Yeye akasikiliza mara mbili, akasema, "Mkirudia nawafukuza. Hapo ndipo wimbo ulipo."

Na ni kweli. Nyimbo nyingine saba watu wanazicheza. Huu wanausubiri. Kwenye maharusi huku ukifika pale penye kimya, kila mtu anajaza cha kwake. Mmoja anapiga mluzi, mwingine anaita jina la mchumba wake, watoto wanapiga sahani. Gazeti moja limeandika kwamba wasichana wa milimani wamewafundisha watu wa mjini kunyamaza. Na redio inaupiga karibu kila siku, kwa hiyo hata bila betri utausikia kwa jirani.

Mama, tarehe 25 Mei, Jumamosi, tunakuja kuizindua kanda mjini Same. Nitavaa kitenge hadi kwenye vifundo vya miguu. Nakuomba uje ukae mbele. Usipokuja watu watajua kwa nini, na mimi nitajua zaidi yao.

Na kanda ya Bibi barabara imekauka?

Wako,
Evaline


Mamba
5 Mei 1996

Shoga yangu Eva, msanii wa taifa,

Mambo? Mimi bado ni mwalimu wa darasa la tatu, chaki imeniingia mpaka kwenye ugali. Nimeisikia kanda yako. Nimeipenda mno, na nimekukasirikia mno. Tafuta mahali ukae.

Mama yako atakuwa amekwambia barabara haijakauka. Eva, kutoka kwenu hadi kwa Bibi Eliakunda kuku anakwenda kudonoa na kurudi kabla jogoo hajamkosa. Si barabara. Oktoba iliyopita tulipata mchungaji mpya. Akasikia kwamba Bibi bado anafunda wasichana. Wakasema ni mambo ya giza. Wewe na mimi tunajua hakukuwa na kisu wala damu wala pombe. Tulifundishwa kuosha miili yetu na kuishi na mume asiyesema, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Basi. Lakini Baraza la Wazee lilikaa, Bibi akaitwa akae kwenye kiti mbele yao, wakapiga kura ya kumtenga na Meza ya Bwana. Tangu siku hiyo anakaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, wenzake wakienda mbele kupokea.

Mama yako yuko kwenye Baraza lile kwa niaba ya wanawake. Aliinua mkono.

Pumua kwanza. Halafu soma hili, nalo ni la kucheka kama una moyo wa kucheka. Wiki ya Pasaka tulikuwa dukani kwa Novatus, mimi nanunua kiberiti. Mama Fredrick alikuwepo, mke wa mwinjilisti alikuwepo, mama yako alikuwa anapimiwa mafuta ya taa. Mwinjilisti Hezroni mwenyewe alikuwa mlangoni anaongea siasa. Redio ikakuleta wewe. Tumesimama tu, tunajifanya kuangalia viberiti. Makofi yakalia. Ukanyamaza pale unaponyamaza. Na Eva, wanawake wote dukani tukaitikia! Kwa pamoja, sauti ya kwanza na ya pili, kama tumefanya mazoezi. Mama yako ndiye aliyeshika sauti ya pili, tena safi kabisa.

Kisha tukatazamana.

Mwinjilisti akageuka. "Wimbo huu umetoka juzi. Ninyi mmeujulia wapi?" Mama Fredrick akasema, "Redioni, mwinjilisti." Mwinjilisti akamtazama mkewe. Mkewe akatazama pipi. Mama yako aliiacha chupa ya mafuta juu ya meza akatoka, na tangu hapo hajaingia dukani tena. Wanakula wakati jua lipo.

Sasa kijiji kizima kimekaa juu ya moto. Anayetaka kuusema vibaya wimbo wako lazima aeleze alivyoujua. Kwenye kikao cha wanawake mmoja alisimama kulaani nyimbo za kidunia, akaulizwa wimbo gani na una ubaya gani, akakaa chini akasema amesahau. Wanaume wameanza kuhesabu ni wake wangapi walikuwa wakitumwa kwa shangazi Ndungu. Na Bibi Eliakunda, ambaye ametengwa kwa jambo ambalo nusu ya benchi la mbele wamelipitia, hajui lolote. Hana redio. Kanda yake iko kwenu kabatini.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba mama yako anakuonea aibu wewe. Angalau wewe una suruali tu.

Rafiki yako,
Leticia


Mabibo, Dar es Salaam
13 Mei 1996

Leticia,

Afadhali ungenipiga kofi.

Nimekasirika siku nzima. Nilimkasirikia Mama kwa ule mkono. Nikajiuliza, mtu anamshikaje mwanawe mkono kumpeleka kwa bibi yule, halafu mkono huohuo anauinua? Nikaanza kumwandikia barua mbaya, nikaichana. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe. Nani aliyeitoa sauti ile nyumbani kwa Bibi akaileta kwenye redio? Nilijifanya mwanasheria wa kiapo. Eti maneno hayajatoka. Kumbe maneno si kitu, Leti, siri yote ilikuwa kwenye kuitikia. Nimewavua nguo mama zetu dukani, mbele ya wanaume, huku nikijisifu kwamba nimenyamaza.

Bahati ananiambia, "Kwani kuna ubaya gani? Wangesema tu." Yeye amekulia kambi ya mkonge. Kwao watu wametoka kila pembe ya nchi, hakuna anayejua mama wa mwenzake aliapa nini. Namwonea wivu.

Nimeamua. Same siuimbi. Tutaimba saba zilizobaki, na wakiudai nitajua la kusema. Mwinjilisti atakuwepo, Baba atakuwepo, wanawake wote watashuka na lori. Siwezi kusimama jukwaani nikamnyamazia Mama pale na kumwacha achague mbele ya watu. Hamdani atanitukana, Asteria ameshanitukana. Potelea mbali.

Usimwambie Mama lolote. Akijua kwamba najua, hatakuja kabisa. Nataka aje akae kwa amani, aondoke kwa amani. Niahidi.

Tunaondoka huku tarehe 20, tuna maonyesho Korogwe na Moshi kwanza, kwa hiyo usinijibu. Tutaonana Same.

Eva


Mamba
19 Mei 1996

Mwanangu Evaline,

Nakusalimu. Leo sikuandikii habari za kahawa.

Nilikwambia barabara, na barabara haikuwa na kosa. Oktoba iliyopita, Bibi Eliakunda alipotengwa na ushirika, mimi nilikuwemo kwenye Baraza na niliinua mkono. Mchungaji alikuwa ameanza upande wa kulia. Kila aliyefikiwa aliinua. Nilifikiri, nisipoinua wataniuliza kwa nini, na nikijibu kwa nini, jina lako litatajwa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini ukweli ni kwamba nilijifikiria mimi kabla yako. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima na nilikipenda.

Basi kanda yako ilipokuja, nikaona umenitangaza nchi nzima bila wewe kujua. Ndiyo maana nikakuuliza kama wimbo unaweza kutolewa. Suruali niliikubali kama kisingizio kwa sababu uliniletea mwenyewe mkononi. Uliandika kwamba umenipa aibu, nami nikakuacha uamini hivyo mwezi mzima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Jana nilinunua betri. Nilichukua redio na kanda nikaenda kwa Bibi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akaniuliza habari za baba yako. Nikamwambia, "Bibi, mimi niliinua mkono." Akasema, "Nilikuwa nimekaa mbele yako, Mama Evaline. Macho yangu yalikuwa bado yanaona."

Nikaweka kanda. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipofika pale pa kuitikia, ukanyamaza, na yeye akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Wimbo ukaisha. Akasema, "Mtoto ameheshimu." Halafu akasema nirudishe nyuma, asikie tena. Tuliusikiliza mpaka betri zikaanza kuvuta sauti. Anasema yule anayeimba juu amezaliwa kuimba, umwambie. Na anasema makofi yenu yanakimbia kidogo.

Kisha akaniambia anataka kuja Same akuone ukiimba kwa macho aliyobakiwa nayo. Hajashuka mlima huu tangu amzike mumewe. Nimemkubalia. Nitapanda naye lori na nitakaa naye mstari wa mbele. Na nimemwahidi jambo, naliandika hapa nisije nikalikana: ukiuimba wimbo ule, ukifika pale unaponyamaza, nitaitikia kwa sauti yangu yote. Baba yako atakuwepo. Mwinjilisti atakuwepo. Wakinitenga watanitenga, tutakuwa wawili benchi la nyuma.

Naogopa, mwanangu. Lakini usiufupishe kwa ajili yangu. Nyamaza pale muda wa kutosha, maana sauti yangu huchelewa kutoka.

Mama yako,
Raheli


Mabibo, Dar es Salaam
30 Mei 1996

Mama,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 19 nimeipata jana. Ilifika tukiwa tumeshaondoka, mama mwenye nyumba akaniwekea juu ya friji lake pamoja na bili ya maji. Nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa sakafuni.

Mimi nilikuwa najua, Mama. Leticia aliniandikia kila kitu mapema Mei. Nikamkataza asikwambie. Niliamua peke yangu kwamba nitakulinda, ndiyo maana tuliimba saba tukaishia pale. Niliwaona mmekaa mstari wa mbele, wewe na Bibi, mmevaa vitenge vya sare. Nikadhani amekung'ang'ania umlete, nawe umeshindwa kumkatalia mtu mzima. Nilimwona ameweka mikono mapajani, viganja vimetazama juu, na sikuelewa kwamba ameviandaa kwa makofi.

Ukumbi ulipopiga kelele "Kituoni! Kituoni!" nilikutazama wewe. Ulikuwa umekaa wima kama uko kwenye picha. Nikaona, masikini Mama yangu, anateseka. Nikashika maikrofoni nikawaambia watu kanda yenye muziki wa wimbo huo imekwama kwenye mashine. Mama, haikukwama. Nilidanganya mbele ya ukumbi mzima kwa sauti ileile ninayoimbia. Watu wakaguna, Hamdani akatukana, tukaimba tena wimbo wa tatu ambao hakuna aliyeuomba.

Ulipokuja kunikumbatia ukasema "Mmeimba vizuri", nilifurahi. Bibi alinipa mkono tu. Nikafikiri ni macho. Ndani ya basi la kurudi huku nilikuwa najipongeza, nikamwambia Bahati, leo nimemwokoa mama yangu. Bahati akaniuliza, "Alikuomba?" Nikamwona hana adabu.

Bibi ameshuka mlima mzima kuja kusikia kitu chake mwenyewe, nami nikakifungia mlango. Nawe ulikuwa umekusanya moyo wako wote ukaubeba hadi Same, nikakunyima mahali pa kuuweka. Ningekuwa nimesubiri siku chache tu kuondoka Dar! Ningekuuliza tu pale mlangoni kabla hatujaanza!

Nataka kuja. Nitakuja bila Asteria, bila kinanda, niuimbe kwenye uwanja wa kanisa, watu wote wakiwepo, nawe uitikie kama ulivyoahidi. Niambie tu nije lini. Nisamehe, Mama, na unitafutie maneno ya kumwambia Bibi, mimi sina.

Evaline


Mamba
9 Juni 1996

Mwanangu Evaline,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikamsomea baba yako na kumweleza yaliyobaki, sasa anajua yote. Akasema miaka yote hiyo alikuwa akimshukuru shangazi yako wa Ndungu kwa kukulea vizuri ile wiki. Akatoka kwenda kupalilia. Tunaendelea hivyo.

Unaniomba msamaha kwa kuninyima nafasi. Nimejaribu mara tatu kukujibu kwamba nimekusamehe, na kila nikiandika naona naongeza uongo juu ya uongo. Nitakwambia ilivyokuwa pale mstari wa mbele.

Watu walipoanza kupiga kelele, nilimtafuta baba yako kwa macho, nikamwona anacheka na wenzake. Nikamwona mwinjilisti. Nilirudia moyoni, nitaitikia, nitaitikia. Kisha wewe ukasema kanda imekwama. Na mimi, Evaline, nikasema kimoyomoyo, asante Bwana. Sikusikitika hata kidogo. Mwili wote ulilegea kwa raha. Nadhani nilitabasamu, kwa sababu nilipogeuka Bibi Eliakunda alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anatazama jukwaa. Sijui aliona nini kwa macho yale, lakini aliona ya kutosha.

Kwenye lori hakulalamika. Tulipopita kijiji cha Kisiwani akasema tu, "Mungu amekuonea huruma, Mama Evaline." Nikamjibu, "Ndiyo, Bibi." Akageukia upande wa pili.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote: kwamba nilikupeleka, kwamba na mimi nilifundwa palepale, kwamba niliinua mkono nikijua. Nilitaka anipe adhabu. Alinisikiliza, akanimiminia chai. Akasema tusilikuze jambo hili, mimi ni mama wa watu, nikisema mbele ya Baraza nitaharibu wengi, na Mungu ameshanisamehe kwa kuwa nimetubu kwake. Nikamuuliza, na Bibi Eliakunda? Akasema hilo lilishapita. Nilikunywa ile chai yote.

Kwa hiyo usije kuimba kwenye uwanja wa kanisa. Ukija, mimi nitaitikia, na watu watasema mama shujaa, na wewe utalia, na mimi nitakuwa nimepata tena kiti cha heshima. Ukitaka kuja, njoo kwa Bibi, kaa naye, mwombe akurekebishie makofi. Mimi usinichukue twende wote.

Leo ni Jumapili. Asubuhi niliacha kiti changu cha mbele nikaenda kukaa benchi la nyuma. Kanisa zima halijawahi kugeuza shingo kwa pamoja namna ile. Mchungaji alisahau mstari wa zaburi. Wakati wa Meza ya Bwana wenzangu walipita mbele, mimi nilibaki nimekaa na Bibi.

Nilipofika benchini, Bibi Eliakunda alisogea akanipa nafasi. Nikasema, shikamoo. Hakuitikia.

Mama yako,
Raheli